Majina Niliyoyaita Korongoni

Mdogo wangu Crucito,

Pokea salamu, wewe mzee mwenye meno ya dukani. Goti lako linaendeleaje huko Albuquerque? Shemeji bado anakuvumilia? Sisi huku wazima, pilipili zimeiva, na mbwa uliyeniachia ameniuma tena. Malezi yako hayo.

Jumamosi binti yangu Eloisa alitaka twende sote korongoni, kwenye nyumba za mababu zilizochimbwa jabalini. Nikasema magoti yangu hayataki ngazi. Akanijibu, "Baba, usinidekee, utapanda." Tukachukua mkate wa tanuri, na unga wa mahindi wa kuwapa wenyeji wetu, yaani hao mababu. Mumewe, Wilfrido, akanasa tumbo kwenye mlango wa kwanza. Nikamwambia mababu hawakuwajengea watu wa soda. Akacheka hata akachomoka. Eloisa hakucheka. Alikuwa ukutani, kwenye udongo wenye alama za vidole vya mtoto wa kale, anatia vyake humo kimoja kimoja.

Mwaka jana binti yao, yule mwenye pengo, alitutangulia kwenye ngazi ile ile, akinicheka kwamba napumua kama punda. Baridi ilipoingia, homa ya mapafu ikamchukua.

Jua lilipoliacha korongo nikasimama chini kuita majina, kazi ya mkubwa, roho ya mtu isije ikabaki nyuma inacheza. Wilfrido, twende nyumbani. Eloisa, twende nyumbani. Eloisa akakaa pale juu ya ngazi. "Hujamaliza, baba. Mwite na yeye."

Nikamwambia aliyekwenda haitwi, ukimwita unamkatiza safari. Akasema basi naye hashuki. "Atakaaje humo peke yake? Si unajua anaogopa giza!"

Nikapanda tena, nikamnong'oneza. Akashuka akilia, kanishika bega.

Wilfrido aliuliza nimemwambia nini, nikajibu utani tu. Wewe nakwambia kweli. Unajua mkubwa hujiita mwisho. Mimi sikujiita. Nilimwambia Eloisa, "Babu yake atabaki naye."

Basi ukisikia siku hizi nasahau kula, usiniletee daktari. Msalimie shemeji. Na ukipita kule korongoni, usiniite, hata kwa mzaha. Yule anaogopa giza.

Ni mimi kaka yako, yaani yale magoti yaliyorudi nyumbani,

Santana