Nilivyoshuka Mlima kwa Jina la Verl

Kambi ya juu, milima ya Utah
Tarehe 9 Oktoba

Mdogo wangu Zenobio,

Salamu zikufikie wewe, shemeji Yolanda na watoto, na zimfikie mama kabla hajauliza kama nimeandika. Natumaini kikohozi chake kimepungua, na kwamba analivaa lile sweta nililomtumia badala ya kulikunja kabatini. Mimi ni mzima, ila kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi na mapaja yananiuma hata nikiwa nimekaa. Sababu utaisoma humu humu. Mbwa wazima, kondoo wamenona, na theluji ya kwanza imeshafika vileleni.

Umeniuliza mara tatu habari za mkataba wako. Mara ya kwanza nilikuambia subiri, ya pili nilijifanya sikuliona swali, ya tatu sikujibu kabisa. Ukinikasirikia una haki. Karatasi ya bosi Verl ndiyo ingekuleta huku mwezi wa tatu, tuchunge wawili katika malisho mamoja, baada ya miaka minane ambayo nimezungumza na mbwa mpaka mbwa wamenichoka. Sasa kaa, nikueleze ilivyokwenda. Unajua niliishia darasa la nne, lakini nitajitahidi nisirukeruke.

Huku kwetu, mwisho wa mwezi wa tisa, majani yakishageuka manjano, watu wa bondeni wana mbio zao. Mabasi huwapandisha alfajiri mpaka ukingoni mwa malisho yetu, kisha wao hushuka kwa miguu barabara yote ya korongo, maili ishirini na sita, hadi shule ya mjini. Wanalipa pesa kushuka mlima ambao mimi nalipwa kuupanda. Bosi Verl, mwenye miaka sitini na mitatu, alikuwa amekimbia mara kumi na tisa, kila mwaka tangu zilipoanza. Kati ya wale wa siku ya kwanza wamebaki watano. Anayefikisha ishirini, namba yake inakuwa yake milele na jina lake linaandikwa kwenye ubao wa ukumbi wa mji. Usicheke. Mwaka jana bosi alipotewa na kondoo arobaini katika dhoruba na hakusema neno, lakini nikimtajia ubao huo macho yake yanabadilika.

Mwezi wa nane goti lake likagoma. Alikuja kambini na chumvi na unga kama kawaida, akashuka garini akishikilia mlango, akakaa juu ya gunia. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu, nikadhani nimekosea kitu. Kisha akasema, “Elio, mimi na wewe tunaingia shati moja.” Mimi nikajibu kwamba shati lake linatosha watu wawili kama mimi. Hakucheka.

Mpango wake ulikuwa huu. Nivae shati lake la njano, kofia yake, miwani yake myeusi, na namba yake kifuani iliyoandikwa VERL kwa herufi kubwa. Nishuke kwa mwendo wake yeye, kila maili dakika kumi, nisizidishe wala nisipunguze. Karibu na daraja, hatua mia tano kabla ya mstari wa mwisho, kuna vyoo vya plastiki. Yeye mwenyewe angebandika karatasi ya “kimeharibika” kwenye choo cha mwisho na kujifungia humo saa ya mbio ikifika saa nne na dakika kumi tangu kuanza. Mimi ningefika saa nne na ishirini, niingie, nimvalishe namba, yeye atoke akichechemea amalizie kipande kilichobaki mbele ya mkewe na wajukuu. Mkewe, mama Nedra, hakuambiwa. Nilimwuliza kama hii si kudanganya. Akasema maili karibu mia tano amekimbia kwa miguu yake mwenyewe, hizi ishirini na sita Mungu atamsamehe. Halafu akasema, taratibu tu, bila kunitisha, “Ukinimalizia hii, karatasi ya ndugu yako naijaza kabla theluji haijafunga barabara.” Nikavaa shati.

Basi asubuhi ile nilitoka kambini gizani nikaenda kusimama kati ya watu mia nane wanaotetemeka. Walikuwa wamewasha mioto kwenye mapipa, kila mtu amejifunika blanketi au mfuko wa takataka, wanasukumana kutafuta joto. Nilikaa mbali na moto ili nisionekane. Mwanamke mmoja akasoma kifua changu, akapiga kelele, “Jamani, kumbe Verl ndiye huyu! Leo ya ishirini, mzee!” Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kofia na kuikohoa shukrani yangu. Zenobio, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile dubu alipoingia zizini.

Tukaanza kushuka. Maili za mwanzo ni mteremko mkali, na wewe unajua miguu yangu, nakimbilia kondoo kwenye miteremko kama hiyo kila siku ya Mungu. Ilikuwa kama kumshika farasi mwenye kiu anayeona maji. Kila maili natazama saa ya bosi mkononi: dakika tisa na nusu, punguza. Kumi na kidogo, sawa. Wanawake wenye vitambi walinipita. Babu mmoja aliyevaa soksi za mistari alinipita akaniambia nisikate tamaa. Pembeni miti ilikuwa imewaka manjano na nyekundu mpaka juu kwenye majabali, watu wanasimama kupiga picha, na mimi sikuona kitu ila mgongo wa mtu aliye mbele na mshale wa saa.

Maili ya kumi na nne nikasikia sauti nyuma, “Verl! Ngoja, mzee!” Alikuwa LaMar, rafiki wa bosi tangu utoto, mmoja wa wale watano. Mimi na LaMar tunajuana vizuri, kila mwaka anakuja kutusaidia kukata manyoya. Nikigeuka ataniona, nikijibu ataijua sauti yangu, nikiongeza mwendo navunja mpango, nikipunguza ananifikia. Nikainua mkono tu bila kugeuka. LaMar akaendelea, “Leo umekuwa bubu? Au Nedra amekufichia meno?” Nikainua mkono tena. “Angalia mkono huo, kama polisi wa barabarani!” Kila mara watu waliokuwa kati yetu walicheka. Kwa maili sita, Zenobio, yule mtu alikuwa nyuma yangu, mara hatua thelathini, mara kumi na tano, anaongea. Akasimulia mwaka wa mvua ya mawe. Akasimulia walivyomzika mwenzao wa sita mwaka juzi, na jinsi Verl alivyolia akasingizia vumbi. Haya hayakuwa yangu kuyasikia. Jasho lilinitoka ambalo si la mbio.

Kwenye maili ya ishirini, mahali korongo linapoanza kupanuka, nikasikia viatu vyake sawa na vyangu. Pumzi yake ikanifikia shingoni. Akanyoosha mkono, vidole vikanigusa bega. Hapo nikachomoka. Nilikimbia kama unavyokimbia ukiona jiwe linaporomoka. Nyuma yangu LaMar akapaza sauti, “Haya, nenda, mbuzi wewe!” na sauti ikabaki huko huko.

Nilipopita kona ya pili sikumsikia tena. Saa ilisema saa tatu na dakika ishirini na mbili. Ningeweza kurudi kwenye mwendo wa bosi. Sikurudi. Wale walionipita nikaanza kuwapita wao, mmoja mmoja, yule babu wa soksi akanitazama kama ameona jini. Watu wa pembeni walipiga kengele za ng'ombe wakiita Verl, Verl.

Nikafika darajani. Vyoo vile vinne, cha mwisho kina karatasi. Saa ya bosi ilisema saa tatu na dakika hamsini na sita. Yeye alikuwa bado garini kando ya shule, kama tulivyopanga, akijipasha joto, akijua ana muda. Nikapita. Mwenye kipaza sauti akaona jina kwenye mashine yake akapiga kelele, “Mabibi na mabwana, mwaka wa ishirini, na hajawahi kufanya hivi tangu akiwa na nywele, Verl Jorgensen!” Wajukuu watatu walikuwa wamesimama mstarini wameshika kitambaa chenye picha ya kondoo na namba ishirini. Wakanikimbilia. Hatua tano kabla ya kunifikia wakasimama. Kitambaa kikalegea. Yule mdogo akauliza, “Babu yuko wapi?”

Mama Nedra ndiye aliyekuja mbele. Yule mama ananitumia mkate kila Jumamosi kwa miaka minane. Akanivua miwani mwenyewe, polepole, kama anayemvua mgonjwa. Akasema, “Elio. Mume wangu yuko wapi?” Nikanyoosha kidole kuelekea kwenye gari. Watu wote wakageuka kutazama huko, na wakati huo huo bosi alikuwa anatoka, amevaa shati jingine la njano, kavu, amejimwagia maji kichwani tayari.

Hakukuwa na kelele. Ningefurahi wangepiga kelele. Wasimamizi wa mbio walimwita bosi pembeni, na kabla ya saa sita mchana jina lake lilikuwa limefutwa. LaMar alipofika alikwenda akakaa karibu naye ukingoni mwa barabara, akamwambia alijua tangu maili ya kumi na nne, kwa sababu Verl wa kweli angemrudishia matusi. 

Siku ya tatu alipanda kambini na unga na chumvi. Akaniuliza kwa nini sikumngoja. Nikamwambia LaMar alinifukuza, mteremko ukanibeba, nikafika darajani watu wengi wananitazama, nikaogopa kusimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mteremko,” basi. Kisha akaniambia mwakani ataajiri mchungaji mmoja tu upande huu, karatasi ya pili hataijaza.

Sasa nikuambie wewe nisilomwambia yeye. Kutoka daraja hadi shule ni tambarare, Zenobio, hakuna mteremko hapo. Na hakuna aliyekuwa ananitazama pale vyooni. Palikuwa patupu, na kitasa kilikuwa wazi. Ningeingia, nikakaa juu ya kifuniko dakika kumi na nne, bosi akanikuta, na wewe ungekuwa unafunga mizigo sasa hivi. Niliyaona yote hayo. Nilikuona hata wewe. Lakini kwa maili sita nilikuwa nimewapita watu badala ya kondoo, na mbele palikuwa na mstari, na watu wakinisubiri nifike mahali. Miaka minane hakuna aliyenisubiri nifike popote. Sikugeuza hata shingo. Ni mimi niliyeikanyaga karatasi yako, tena nikiwa nacheka. Bosi nitamwambia siku ya kuondoka, begi likiwa mkononi.

Kwa kuwa nafasi ni moja, nimemwomba aandike jina lako badala ya langu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa pili. Tutapishana angani, na mlima utakuwa na mtu mmoja kama zamani, ila awe wewe. Bosi aliwatazama kondoo. Akauliza, “Anakimbia?” Nikasema hapana, bosi, huyo anatembea kama mwanamke mwenye mimba ya mapacha. Hakucheka, lakini alichukua boksi la dawa ya kondoo akaandika jina lako nyuma yake, akaniuliza kama Zenobio inaanza na Z. Hakusema ndiyo. Wala hakulitupa boksi.

Kwa hiyo ukiitwa, nakuomba, ukiwa huku tembea. Hata mbweha akichukua kondoo mbele ya macho yako, tembea.

Mbusu mama mikono yote miwili, na usimsomee sehemu ya mwanamke mwenye mimba. Msalimie jirani Fortunata, umwambie deni lake la chumvi nimelisahau kwa makusudi. Kama hutaki kunijibu nitaelewa, lakini jibu.

Kaka yako,
Eleuterio Huaroc Poma