Ndago za Baba Mkwe

Kwa mjukuu wangu na mume mwenzangu Masanja,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kama hukuandika. Sisi wazima, ng'ombe wanashiba, na bibi yako anakucheka kwa kushindwa na ndago, yale magugu sugu ya bustanini.

Unauliza dawa yake. Nilipoposa kwao bibi yako, kule Kharumwa, enzi za mkoloni, baba yake alinionyesha bustani iliyojaa ndago. "Zikiisha, leta mahari. Zisipoisha, usirudi."

Nikawaita vijana wa ngoma yetu. Tukalima kwa nyimbo, majembe yakipaa pamoja, nami nikatamba kama mtemi. Mvua ikanyesha, ndago zikarudi maradufu! Tulikuwa tumevikatakata vile vijiazi vyake vya chini na kuvisambaza kila mahali.

"Kijana," mzee akasema, "nilikwambia ung'oe, wewe umepanda."

Bibi yako alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniletea marando ya viazi vitamu. "Ndago haiogopi jembe, inaogopa kivuli. Piga matuta, na ngoma yako iache nyumbani."

Nikatii. Marando yakatambaa, yakafunika ardhi yote. Binti mdogo vile, akili ile kaitoa wapi?

Wakati wa kuvuna, mzee alipekua majani kwa fimbo, akaona ndago chache zilizokondeana. Akamgeukia binti yake. "Una hakika unamtaka huyu?"

"Namtaka, baba. Akiambiwa, anasikia."

Basi panda viazi. Ni mimi babu yako, ninayeitwa jikoni sasa hivi, na ninakwenda.