Lori Limerudi Bila Zenon

S.L.P. 63,
Katandala,
Sumbawanga.
21 Juni, 1979.

Mpendwa Kaka Beda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mufulira, wewe na wifi Kristiana, na kifua chako kimepata nafuu na lile vumbi la mgodi. Sisi huku tunajikongoja. Baridi ya mwaka huu ni kali na upepo haupumziki, lakini mama bado anatembea mwenyewe mpaka kanisani.

Kaka, kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba mwanao Zenon yuko safarini. Haikuwa safari ya biashara. Januari walipita maofisa wakiandika magari ya watu binafsi yaende kwenye vita vya Uganda, na lori aliloniachia marehemu mume wangu likawamo. Wangeweza kuweka dereva wao. Mimi ndiye niliyesema Zenon aende nalo, maana niliogopa mgeni ataliharibu. Zenon hakubisha. Aliniuliza tu, "Shangazi, baba tumwambie?" Nikamjibu tusubiri kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakulima wa Mtowisa niliwaambia ukweli siku ya tatu tu baada ya lori kuondoka. Nilishuka kwao kwa miguu, kwenye matope, nikawakuta kwenye ghala la kijiji na mpunga wao uliokuwa unangoja kupandishwa mjini. Unajua tunavyoishi nao. Mimi nawapelekea chumvi na sabuni za duka la kijiji, wao wananipa mzigo wa kurudi nao. Niliwaambia lori limeondoka, sijui litarudi lini, wala kama litarudi. Mwenyekiti wao, mzee Gaudensi, alisema watangoja. Masika yote tukapeleka chumvi kwa migongo ya punda. Watu wa Milepa, kijiji cha jirani, walichoka, wakampa mzigo wao mwenye lori mwingine. Siwalaumu, panya walikuwa wanawamalizia magunia.

Wale si ndugu zangu, nao nikawaeleza kila kitu. Wewe wa tumbo moja nikakuficha miezi mitano.

Tarehe tisa mwezi huu nilikuwa naanika ulezi nikasikia mlio wa lori letu. Nikatoka mbio. Aliyeshuka ni kijana wa Tukuyu anayeitwa Asajile, naye alikuwa dereva huko huko vitani. Alivua kofia kabla sijamwuliza lolote. Akanieleza kwamba walikuwa wanabadilisha tairi, jeki ikateleza, lori likamlalia Zenon mguu wa kulia. Yuko hospitali Bukoba. Mguu wameukata chini ya goti, kidonda hakikauki, na homa ilikuwa haijashuka Asajile alipomwacha. Tangu siku hiyo sina habari nyingine. Nimepiga simu mbili za maandishi posta, hazikujibiwa.

Kaka, nililiangalia lile lori limesimama uani, zima kabisa, hata taa haikuvunjika.

Juzi watu wanne wa Mtowisa walinijia. Mpunga mpya umeshavunwa, na kibali cha dizeli walichopata ni cha kubeba mazao tu, kinakwisha mwisho wa mwezi. Nikawaambia siwezi, naenda Bukoba, na wakitafuta lori jingine sitawanung'unikia. Mzee Gaudensi akauliza funguo anabaki nazo nani. Nikasema sijui.

"Basi tuachie sisi," akasema. "Asajile bado yupo, ataendesha, mimi nitakaa naye mbele kila safari. Wewe mfuate mtoto."

Luciana, anayeuza katika duka la kijiji, hakukubali. Aliuliza lori likiharibikia mikononi mwao nani atanilipa. Funguo niliwapa hivyo hivyo, na leo asubuhi wameshuka nalo.

Jumamosi napanda basi la Mpanda, kisha treni mpaka Mwanza, na meli mpaka Bukoba. Nimebeba asali na lile blanketi lake la kijivu. Sijui nitamkuta katika hali gani.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Omba ruhusa kazini uje, Kaka. Ukitaka kunigombeza nigombeze mbele yake, nitasimama nisikie. Ila uje, maana peke yangu nimeshindwa.

Mama anakusalimu, yeye nimemwambia jana, na tangu jana hajala. Mdogo wetu Cornelia na wanawe nao wanawasalimu. Wifi Kristiana umsomee barua hii wewe mwenyewe, usimpe jirani amsomee, na pale niliposema ni mimi niliyemtuma mwanawe, usiparuke.

Mungu atufikishe sote Bukoba tumkute anapumua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kama hutaki tena kuniita dada,

Marsiana