Mama Alizima Friza, Nikasingizia Umeme

Mpendwa Dada Jedidah,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimejiingiza matatani mwenyewe. Naishi Neasden, huku Ulaya, na mume wangu Telesphor, na mama yangu mzazi amekuja kutoka Kibosho kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu Lydia, ana miaka sabini na sita na ni mara yake ya kwanza Ulaya, na friza nilikuwa nimeijaza kwa ajili ya sherehe, nyama ya mbuzi, kisamvu, na sambusa tulizokunja na mama jioni nne mfululizo huku akinisimulia mambo ya marehemu baba ambayo sikuwahi kuyasikia. Basi tukaenda mji wa Reading kwa shemeji siku tatu, na mama, kama anavyofanya kwake kila akisafiri ili umeme wa Luku usiishe, akapita jikoni akazima swichi zote za ukutani, hakujua moja ni ya friza kwa sababu friza yenyewe imefichwa ndani ya kabati. Tuliporudi niliingia wa kwanza, nikakuta maji sakafuni na harufu, nikaona swichi, nikaiwasha haraka, na wenzangu walipoingia nikasema umeme ulikatika. Mama akanishika mkono akasema, "Pole mwanangu, kumbe hata Ulaya unakatika."

Sasa Telesphor naye ameamini, kila siku ananiambia, "Wapigie insurance bwana, si ndiyo maana tunalipa?" Nikapiga, yule dada wa bima akaniuliza chakula kiliharibikaje, nikasema kuna mtu mlangoni, nikakata simu. Jumamosi mume wangu atapiga mwenyewe. Nikisema kweli, mama atajua ameharibu chakula cha mjukuu wake, na namjua, atakaa kwenye kochi asiguse kitu mpaka siku ya ndege. Na Jumapili tukienda misa alizima tena, ikabidi nirudi ndani nikijifanya nimesahau mtandio. Nidai bima au niache? Nampenda sana mama yangu.

Restuta, Neasden

Restuta,

Pole kwa sambusa. Jioni nne si kazi ndogo, na zile hadithi za baba zinakutosha kusamehe friza kumi.

Lakini usidai bima kwa hadithi ya umeme. Kudanganya bima ni kosa la kisheria hapa, na atakayeingia matatani ni Telesphor, ambaye hana habari. Mwambie ukweli leo, usingoje Jumamosi. Kisha someni mkataba wenu pamoja: bima nyingine hazilipi friza ikizimwa na mtu wa nyumbani, nyingine hulipa ikiwa ni bahati mbaya. Kama yenu inalipa, daini kwa maelezo ya kweli. Kama hailipi, yaishe, nunueni mbuzi mwingine.

Kazi iko kwa mama. Mwambie wewe, mkiwa wawili jikoni mnakunja sambusa nyingine, macho yenu yakiwa kwenye unga. Sema, "Mama, swichi ya mwisho ni ya friza, mimi sikukuonyesha." Na kweli hukumwonyesha, kwa hiyo kosa lako nawe lipo. Pengine atalia kidogo. Usimfunike kwa maneno. Halafu mwachie chakula cha sherehe akisimamie yeye. Mama aliyewalea kwa kubana matumizi ya umeme havunjiki kwa swichi moja. Kitakachomuumiza ni kugundua kwamba binti yake anapita nyuma yake kuwasha anachozima, kama anayechunga mtoto.

Nasema mkiwa wawili kwa sababu mimi sikufanya hivyo. Mama yangu alipokuja alinizimia boila inayopasha nyumba joto, mwezi wa pili kwenye baridi kali, nikamgombeza mbele ya wanangu. Hakugusa swichi tena, na nilipomwalika mwaka uliofuata alisema amechoka. Hakuja tena mpaka alipofariki. Siku hizi nikitoka nasahau taa zinawaka, na nikirudi nazikuta zinawaka vilevile.