Makufuli Matatu na Sala Moja

Mpendwa dada,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. U hali gani huko? Magoti yamepoa, au baridi bado inayachezea? Shemeji naye ameacha kukoroma? Sisi huku tunaendelea, ingawa hiyo "sisi" ina kasoro kidogo, kama utakavyosoma.

Unajua kazi yangu ni kuchomelea mageti na nondo za madirisha. Nyumba yangu mwenyewe nimeifunga mpaka majirani wananiita Gereza. Kila jioni tulisali, tukamwomba Mungu atulinde, kisha nikainuka na kubana makufuli matatu mlangoni, funguo nikazifunga kiunoni. Wifi yako alikuwa akinitania kwamba namkabidhi Mungu ulinzi halafu namfungia nje. Mimi nilicheka tu.

Juzi mchana, yeye akiwa sokoni, kifua kilinibana nikaanguka sebuleni. Hata mchana huo nilikuwa nimejifungia. Majirani walisikia kishindo, wakaja mbio. Wakasukuma mlango, wapi! Wakavuta nondo, wapi! Kazi ya mikono yangu, dada, haikutikisika. Funguo nilikuwa nimezilalia, na mkono haukunitii. Nikawa nawasikia wanavyohangaika, nikasema, Bwana, sina kingine, ni wewe tu. Nimesali miaka mingi, lakini sijui kama niliwahi kusema hivyo kwa moyo wote. Mwishowe walibomoa ukuta. Ndiyo, ukuta, mlango uliwashinda.

Sasa nikwambie jambo ninalolizunguka tangu mwanzo. Nakuandikia nikiwa hospitali. Kesho asubuhi wananipasua moyo, na daktari hakunificha: naweza nisiamke. Naogopa, dada, sitakudanganya. Usiku wa kwanza nilitafuta komeo kwenye mlango wa wodi, muuguzi akanicheka. Jana nililala fofofo, mlango wazi. Aliyekuwa nami pale sakafuni yuko nami hapa, na kesho sitakuwa peke yangu, niamke au nisiamke.

Msalimie shemeji na watoto, na mniombee. Wifi yako nimemkabidhi funguo zote, naye makufuli ameshayatoa. Kwa hiyo ukija nyumbani, unikute au usinikute, usigonge. Sukuma tu.

Mdogo wako akupendaye,
aliyekuwa Gereza