Paa Langu Ni Sakafu ya Mtu

Kikuyu, Dodoma

Mdogo wangu Lameki,

Wewe mtu, miguu yako imeota mizizi huko Haneti? Lori la mahindi linafika hapa kila Jumanne. Magunia yanashuka, mbuzi wanashuka, wewe hushuki. Tangu tumzike mwanangu Elia umekanyaga hapa mara moja tu, tena ukala, ukasinzia kitini, ukaondoka kabla chai haijapoa. Marahaba natanguliza mimi. Shikamoo yake utakuja kuitoa mwenyewe.

U mzima lakini? Goti linakunjika? Na wifi yangu, kile kikohozi kimemwachia? Mwambie asipikie ndani na mlango umefungwa, mapafu si ya chuma. Mimi mwili hauna neno. Nyumba ndiyo mgonjwa.

Anayeandika ni Mama Anita, jirani yangu wa chini, mpiga chapa ofisini. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Anacheka. Nimemwambia aandike na hilo.

Sasa sikiliza. Chumba cha Elia kinavuja. Mvua haijadondoka hata tone hapa mjini, jua linachoma, na mimi nakinga maji kwa sufuria. Nyumba gani hii inayovuja kiangazi? Yanatoka juu, kwa Bwana Mushi, anapooga na anapofua. Kwanza lilikuwa doa la ukubwa wa kitumbua. Sasa lipu imeanza kudondoka. Kitanda cha mjukuu wangu Rehema nimekihamisha mara tatu, na ukuta wa kuhamia umekwisha. Mtoto huyo akifunga shule atakuja alale wapi? Hana mama, hana baba, ana chumba hicho tu. Nilimwahidi Elia akiwa hoi kwamba nitamtunzia bintiye nyumba. Nimeitunza kwa mabakuli.

Zamani ofisi ya Elia ndiyo ilikuwa mwenye ghorofa. Bomba likipasuka, fundi wa ofisi anakuja na begi lake. Walipoamua kuachana na nyumba, kila mtu akauziwa alimokuwa analala, tukafurahi kama watoto. Kumbe tumeuziwa vyumba, ghorofa lenyewe limebaki halina mama. Sasa kuna kamati. Kila mwezi natoa mchango wangu, sijakosa hata mmoja, wa taa za ngazi, wa tangi, wa bomba kubwa la maji machafu. Nikaenda kwa mwenyekiti, Bwana Komba, mtu mpole, ana suruali ya kupigwa pasi hata Jumamosi.

Nikamwambia, "Baba, paa langu linavuja."

Akasema, "Bibi, wewe huna paa. Paa liko juu kabisa, ni letu sote. Hiyo ya kwako ni sakafu ya Bwana Mushi."

"Basi Bwana Mushi atengeneze sakafu yake."

Bwana Mushi akaitwa, naye akaja juu kwa hasira. "Sakafu yangu kavu, Bibi! Njoo uipapase. Bomba limo ndani ya zege, na ndani ya zege ni kwa kamati."

Bwana Komba akavua miwani. "Likiwa bomba la wote, ni letu. Likiwa la bafu lako, ni lako. Mpaka zege livunjwe ndipo tujue."

"Basi vunjeni!" nikasema.

Wakatazamana wote wawili kama watu walioulizwa umri wa mke wa mtu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu, na nakuambia mwenyewe usije ukausikia kwa dereva wa lori. Unakumbuka tembe ya baba, ile ya paa la udongo, ikivuja? Wewe ulikuwa unapanda juu na udongo wa kichuguu, mimi nabaki ndani naangalia tone. Nakusikia unatembea juu yangu. Napiga kelele, "Sogea! Kushoto! Hapo hapo, kanyaga!" Unashindilia, tone linakata, tunakwenda kula. Hakuna aliyeuliza udongo ni wa nani.

Nikatafuta kichuguu nyuma ya reli, nikachimba, nikaukanda udongo na majivu, nikapanda ngazi na beseni kichwani. Mke wa Bwana Mushi alikuwa peke yake. Ana adabu yule mwanamke, hakuweza kumkatalia bibi kizee. Nikapiga magoti bafuni kwake, nikapaka kila palipoonekana pana ufa. Nikalaza udongo vizuri, Lameki, hata wewe ungenisifu. Nikateremka nikaketi chini ya doa, nikasubiri. Kavu. Siku ya kwanza kavu, ya pili kavu. Nikaimba.

Siku ya tatu maji yakashuka kwenye taa. Ndiyo, kwenye glopu ya umeme! Udongo wangu ulikuwa umelainika, umeingia kwenye tundu la maji, umeliziba, bafu la watu likafurika. Bwana Mushi aliteremka na ndala zimejaa matope mekundu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Bibi, umeniletea Haneti nzima bafuni," watu wa ngazi nzima wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kamati ikakaa. Safari hii wakakubali zege livunjwe. Nikasema asante Mungu. Bwana Komba akatoa karatasi: asaini mwenye nyumba wa juu, asaini na mwenye nyumba wa chini, kwamba hakuna atakayemshitaki mwenzake. Bwana Mushi akasaini. Nikatoa dole gumba langu.

Bwana Komba akalisogeza pembeni taratibu, kama anavyosogezwa mtoto penye moto. "Si wewe, Bibi. Mwenye nyumba ni Elia."

Nikamwambia, "Elia yuko Haneti, kwenye udongo. Mkamchukue."

Akaikunja karatasi yake. Mama Anita ndiye aliyeniuliza, ukoo ulimteua nani msimamizi wa mirathi? Na ndiyo nakuandikia. Ni wewe, Lameki. Ulisimama mbele ya wazee ukasema, "Nitavibeba vya Elia." Miaka miwili sasa nimevibeba mimi, na dole langu halitoshi. Fundi anasubiri, na maji hayasubiri. Sina la kufanya tena isipokuwa kumwaga mabakuli na kukuita.

Nisalimie shangazi yetu asiyeona, na mchungaji wetu mwambie zile sala zake ziongeze sauti. Mpe pole mama mkwe wa Elia. Rehema nimemwandikia kwamba nyumba haina tatizo. Usinifanye mwongo kwa mtoto yatima.

Jumanne panda lori. Karatasi ya mahakama ya usimamizi najua umeichomeka kwenye kibuyu cha mbegu, itoe kabla panya hawajasoma. Udongo usilete. Na ukifika usibishe hodi kwangu kwanza. Pita mlango wangu, panda ngazi, saini, uingie bafuni kwa Bwana Mushi utembee, kwa kisigino, kama zamani. Mimi nitakuwa chini, nakusikiliza. Nitakuambia wapi.

Dada yako, tumbo moja,
Bibi Rehema