Upande wa Pili wa Chuma

Jumatatu, 4 Agosti
Jimu leo nimenyanyua bomba tupu tena. Kocha Bakari hataki kunipa makopo ya saruji ya kuongeza uzito mpaka nijue kuinama. Mimi, niliyebeba boriti za mikoko Nyamisati tangu baba yake hajaingia jandoni! Kanichungulia kwa nyuma, kasema, "Babu, unainama kama unachuma mchicha." Nikamjibu mchicha una heshima kuliko hizo ndevu zake. Jimu nzima wakacheka. Mgongo haukucheka.

Namvumilia kwa ajili ya Mwanahawa. Tangu mke wangu apooze siwezi kumtoa kitandani peke yangu. Juzi nusura nimwangushe. Binti yetu anataka kumhamishia Dar. Akienda harudi. Najua.

Jumatano, 6 Agosti
Miguu upana wa mabega. Chuma kiguse ugoko. Kifua mbele, matako nyuma kama bata. Kaza tumbo, sukuma ardhi, usivute kwa mgongo. Kichwa kimeelewa. Mwili mbishi.

Nimegundua kosa langu. Mkono mmoja unakaza, mwingine unategea. Maisha yangu yote nimebeba upande mmoja tu. Upande wa pili alikuwa Shamte, kaka yake Mwanahawa. Shemeji yangu, mwizi wa tumbaku yangu. Sisi wabeba boriti, wa mbele anaita "Haya!", wa nyuma anajibu "Nipo!", ndipo mnanyanyua. Kushusha, wote mnasema "Tua." Ukiachia kimya, mzigo wote umemwachia mwenzio. Ni matusi makubwa hayo.

Shamte tulimzika mwaka juzi.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala. Jua kali, jimu tupu, kocha kaenda kupeleka abiria kwa pikipiki. Nimeruhusiwa makopo madogo, basi nikajitutumua. Nikajipanga vizuri. Mdomo ukaropoka kwa mazoea: "Haya!"

"Nipo."

Ile sauti ya kukwaruza ya Shamte. Chuma kikapanda chepesi kama kuti kavu. Upande wa kulia ulitangulia.

Nikaachia. Nikakimbia. Kandambili moja nimeiacha kulekule. Mtu mzima naogopa hivi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefuata kandambili. Chuma hakijalala. Kopo la kushoto liko chini, la kulia linaelea. Nimepitisha kiganja chini yake. Hakuna kitu. Baridi tu.

Kocha kasema sakafu imepinda. Kalikanyaga kopo, likashuka. Kaondoa mguu, likapanda tena, polepole. Hakunitania. Kachukua pikipiki yake, kaondoka bila kofia.

Niliachia bila kusema tua. Shamte kabaki na mzigo.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda. Mwanahawa kutwa anatazama upande wa miguu yake. Anatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Nikamuuliza unacheka nini. Hajasema neno tangu apooze.

Chumba kinanuka tumbaku. Mimi niliacha.

Jumatatu, 11 Agosti
Binti kafika na begi. Kakunja nguo za mama yake zote, hata kanga ya kuswalia. Nikamwambia subiri kwanza, nitazame.

Nikamketisha Mwanahawa ukingoni mwa kitanda. Miguu upana wa mabega. Nikamsogeza karibu, kifua kwa kifua. Mgongo nikaunyoosha, tumbo nikakaza. Nilijua nini kitatokea, na nikaita.

"Haya!"

"Nipo," kasema Mwanahawa. Mdomo umepinda, neno limenyooka.

"Nipo," kasema mwingine, upande wa miguu yake.

Akainuka kama hana mifupa. Tukageuka wote, mpaka kwenye kiti. Safari hii sikukimbia. Nikasema, "Tua, shemeji." Makalio yakafika kitini. Miguu ikabaki hewani kidogo, kisha ikashuka taratibu, mmoja mmoja, kama mtu anaweka mayai.

Binti kaegemea mlango. "Baba, nani kamshika mama miguu?"

Nikamwambia mjomba wako. Akadhani natania, kama kawaida yangu. Kisha akamwona mama yake analia.

Jumanne, 12 Agosti
Binti kapanda basi peke yake. Nguo karudisha sandukuni.

Nimepita jimu. Chuma kimelala, makopo yote mawili chini.

Asubuhi nilimwinua Mwanahawa. Sikuita. Mzito kama gunia la mpunga, mzigo wote wangu. Mgongo ulinyooka. Sasa amekaa mlangoni anaota jua. Tumbaku hainuki tena.